Kanisa Lililotuletea Injili Lilipungua Vipi?

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri waliotumwa kutoka Leipzig, mji mkubwa wa Saksonia huko Ujerumani, walifika Kilimanjaro wakaanza kazi Machame. Miaka mitatu baadaye wamisionari wawili wa shirika hilohilo, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru walipokwenda kuanzisha kituo kipya. Kazi haikufa pamoja nao. Watu walibatizwa, shule zikafunguliwa, Neno likasomwa kwa lugha za wenyeji, na Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya nchi yetu yaliungana kuwa KKKT, Stefano Moshi akiwa kiongozi wake wa kwanza. Leo ukipita Jumapili asubuhi kwenye miteremko ya ule mlima, unakuta njia zimejaa watu wenye Biblia na vitabu vya nyimbo mkononi.

Huko Saksonia mambo ni tofauti. Chini ya mtu mmoja kati ya watano ni mshirika wa Kanisa la Kilutheri. Wengine wote, isipokuwa Wakatoliki wachache na watu wachache wa madhehebu na dini nyingine, hawana dini yoyote. Wengi wao hawakuiacha imani, kwa sababu hawakuwahi kuwa nayo. Walioiacha ni babu na bibi zao.

Tukisikia habari hizi, huwa tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba Wazungu walitajirika wakamsahau Mungu. La pili ni kwamba Wakomunisti waliwatesa Wakristo mpaka wakakata tamaa. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini historia inaonyesha jambo la tatu ambalo linatuhusu zaidi, maana linaweza kutokea mahali pasipo na utajiri wala mateso. Makala hii inafuatilia jambo hilo katika nchi ya wale waliotuletea Injili.

Ufa uliotangulia dhoruba

Saksonia ilikuwa kitovu cha Matengenezo. Wittenberg, ambako Martin Luther alitoa hoja zake 95 mwaka 1517, ulikuwa wakati ule mji wa watawala wa Saksonia. Kwa karne nyingi kuzaliwa huko kulikuwa sawa na kuwa Mlutheri. Mtoto alibatizwa kwa sababu watoto wote walibatizwa. Alipofika umri wa miaka 14 hivi alipata kipaimara, kisha akaacha shule, akavaa nguo za mtu mzima na kwenda kazini. Hivyo kipaimara kilikuwa ibada, na papo hapo kilikuwa mlango wa kutoka utotoni. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililowaleta watu kanisani.

Katika karne ya 19 viwanda vya nguo na mashine viliota Saksonia mapema kuliko sehemu nyingi za Ujerumani. Watu waliacha vijiji wakajazana mijini. Katika miji kama Berlin usharika mmoja uliweza kuwa na makumi ya maelfu ya watu, na wachungaji wake walikuwa wachache. Mfanyakazi wa kiwandani aliyefanya kazi kutwa, mara nyingine hata Jumapili, hakumjua mchungaji wake, naye mchungaji hakumjua. Tena Kanisa lilikuwa mkono mmoja na dola. Mfanyakazi alipodai ujira wa haki, aliona Kanisa limesimama upande wa mwenye kiwanda na mtawala. Mwaka 1848 mchungaji Johann Hinrich Wichern alisimama mbele ya mkutano wa makanisa hukohuko Wittenberg akawaambia kwamba nchi yao yenyewe ilihitaji kuhubiriwa upya. Wengi waliguswa, na kazi nyingi za huduma kwa maskini zilizaliwa kutokana na wito huo. Hata hivyo, pengo kati ya Kanisa na wafanyakazi lilizidi kupanuka.

Kwa nje mambo yalionekana mazuri. Karibu kila mtu aliendelea kubatizwa, kupata kipaimara, kufunga ndoa kanisani na kuzikwa na mchungaji. Kati ya hizo siku nne, wengi hawakuonekana. Takwimu za Kanisa zilikuwa nzuri kwa sababu zilihesabu siku hizo nne.

Mmoja wa watu waliouona ufa huo alikuwa Bruno Gutmann. Alizaliwa Dresden, mji mkuu wa Saksonia, mwaka 1876, na kuanzia 1902 hadi 1938 alifanya kazi kati ya Wachagga, isipokuwa miaka ile Wajerumani walipoondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Gutmann aliamini kwamba maisha ya viwandani yalikuwa yamemkata mtu wa kwao kutoka kwa ukoo, jirani na rika, na kwamba mtu aliyebaki peke yake ni vigumu kuishi kama Mkristo. Alipofika Uchaggani alikuta watu ambao bado walifungamana kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika. Akaazimia kujenga usharika juu ya misingi hiyo. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili au watatu watatu, kwa mfano wa undugu wa ngao wa vijana wa zamani, ili kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia katika imani. Wapo waliomlaumu, na kwa haki, kwamba aliusifu mno ukoo na damu, hata ikawa kama Injili inahitaji kabila ili isimame. Lakini juu ya kwao aliona sawasawa. Mtu aliyeshikwa na desturi tu, desturi ikikatika hana kingine cha kumshika.

Mfalme wa mwisho wa Saksonia aliondoka mwaka 1918, na katiba ya mwaka 1919 ikaondoa Kanisa la dola. Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka, kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilitaka Kanisa lifuate siasa ya rangi na damu. Katika Saksonia kundi hilo lilishika hata uongozi wa Kanisa. Wapo waliokataa. Mei 1934, mjini Barmen, wachungaji na washarika kutoka makanisa mbalimbali walitoa tamko kwamba Kanisa lina Bwana mmoja, ambaye ni Yesu Kristo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Kanisa lilikuwa na mashujaa wachache na aibu nyingi.

Mwaka 1953 na mwaka 1954

Mwaka 1949 upande wa Ujerumani uliokaliwa na jeshi la Urusi ulifanywa dola ya kisoshalisti, ambayo sisi tuliijua kama Ujerumani Mashariki. Leipzig, Dresden, Wittenberg na mji wa Herrnhut, ambako Wamoraviani walianza kutuma wamisionari wao, yote ilikuwa ndani ya mipaka yake. Hesabu ya watu ya mwaka 1950 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wananchi walikuwa Waprotestanti na asilimia 11 Wakatoliki. Kwa maneno mengine, dola iliyofundisha kwamba hakuna Mungu ilianza ikiwa na Wakristo tisa katika kila watu kumi.

Kwanza serikali ilijaribu nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1952 na mwanzoni mwa 1953 iliyashambulia makundi ya vijana wa Kanisa, ikiyaita mawakala wa maadui. Wanafunzi walifukuzwa shule za sekondari kwa sababu ya kuvaa beji ya kundi hilo, msalaba mdogo juu ya mpira wa dunia. Wachungaji na wafanyakazi wa Kanisa walikamatwa. Vijana wengi walikataa kukana imani yao mbele ya wenzao. Juni 1953, baada ya kifo cha Stalin, Moscow iliiamuru serikali ilegeze kamba. Waliofukuzwa waliruhusiwa kurudi masomoni. Katika vita hiyo ya ana kwa ana Kanisa lilishinda.

Mwaka uliofuata serikali ilibadili mbinu. Mwaka 1954 ilitangaza sherehe iliyoitwa Jugendweihe, yaani kuwekwa wakfu kwa vijana. Haikuwa jambo jipya kabisa, kwa kuwa karne ya 19 vikundi vya watu waliojitoa makanisani vilikuwa vimeitumia badala ya kipaimara. Sasa dola iliichukua ikaipa umri uleule wa miaka 14 na majira yaleyale ya kabla na baada ya Pasaka. Kijana alihudhuria masomo ya maandalizi. Siku yenyewe alivaa nguo nzuri, akaingia ukumbini pamoja na wazazi, muziki ukapigwa, hotuba ikatolewa, akaapa kulitumikia taifa la kisoshalisti, akapewa maua na kitabu. Baadaye ndugu na jamaa walikwenda nyumbani kula na kutoa zawadi.

Kanisa lilisimama imara. Lilitangaza kwamba kijana hawezi kuapa viapo viwili, na aliyepitia Jugendweihe hatapata kipaimara. Mwaka 1955 walioitikia sherehe ya serikali walikuwa wachache. Lakini wazazi walianza kuambiwa kazini kwamba mtoto asiyeshiriki hatapata nafasi ya masomo ya juu. Walimu walipita nyumba kwa nyumba. Kufikia mwaka 1959 takriban asilimia 80 ya vijana wa umri huo walishiriki. Kanisa likalazimika kulegeza. Kwanza liliwaruhusu kupata kipaimara baada ya muda wa kungoja, kisha likaacha kuuliza sana.

Hapa tutulie kidogo. Familia zilizostahimili kufukuzwa shule na kukamatwa mwaka 1953 hazikustahimili sherehe mwaka 1959. Shinikizo lilikuwepo, nasi tusiokuwepo hatuna haki ya kuwahukumu wazazi waliohofia maisha ya watoto wao. Lakini shinikizo peke yake halielezi kwa nini lilifaulu haraka namna ile. Lilifaulu kwa sababu, kwa nyumba nyingi, kile walichokithamini katika kipaimara kilipatikana chote katika ile sherehe mpya: nguo, picha, chakula, zawadi, jamaa kukusanyika, mtoto kuitwa mtu mzima. Kilichokosekana kilikuwa ahadi ya ubatizo na Meza ya Bwana. Nyumba ambayo haikuwa na ibada wala sala kati ya Pasaka na Krismasi haikuona pengo kubwa.

Kuna ushahidi mwingine wa jambo hili. Ndani ya nchi hiyohiyo, katika eneo la Eichsfeld huko Thuringia, waliishi Wakatoliki ambao maisha yao ya kila siku yalifumwa na imani. Walikuwa na hija za kila mwaka, sikukuu za kijiji, sala nyumbani na ndoa kati yao kwa wao. Serikali ilikuwa ileile na shinikizo lilikuwa lilelile. Wengine walilegea pale pia, lakini Eichsfeld ilibaki ya Wakristo mpaka dola ile ikafa, na imebaki hivyo hadi leo. Poland nayo ilitawaliwa na Wakomunisti miaka hiyohiyo, na makanisa yake yalijaa. Basi ukomunisti ulikuwa upepo mkali, lakini uliangusha zaidi miti iliyokuwa imekwisha kulegea mizizi.

Hasara nyingine ziliongezeka. Kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa mwaka 1961, zaidi ya watu milioni 2.5 walihamia Ujerumani Magharibi, na kati yao walikuwamo Wakristo wengi waliokuwa nguzo za sharika zao. Mei 30, 1968 serikali ililipua kwa baruti kanisa la Chuo Kikuu cha Leipzig, lililokuwa limesimama tangu karne ya 13 na ambalo Luther mwenyewe aliliweka wakfu kwa ibada ya Kiinjili mwaka 1545. Lakini pigo kubwa kuliko baruti halikusikika mahali popote. Vijana wa mwaka 1959 walioa na kuolewa, wakapata watoto, na wengi hawakuwabatiza. Watoto hao walikua bila kujua Baba Yetu, nao wakazaa wengine. Ilipofika mwaka 1990 Waprotestanti walikuwa wamebaki takriban robo ya watu, na Wakatoliki kama asilimia 5. Kazi ya karne nne ilikuwa imefumuliwa kwa miaka 40.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 2, kinatueleza habari za kizazi kilichotokea baada ya Yoshua na wazee wa wakati wake kufa, ambacho hakikuwa na habari za Bwana wala za mambo aliyoyatenda. Biblia haituambii kwamba kizazi kile kilihubiriwa uongo. Kilitokea tu, baada ya wengine waliojua na ambao kwa namna fulani hawakupokeza.

Mlango uliokuwa wazi

Hata hivyo ni katika Leipzig hiyohiyo ambapo Kanisa dogo lilifanya kazi kubwa. Tangu mwaka 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, kulikuwa na maombi ya amani katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mchungaji Christian Führer na wenzake walikubaliana kwamba kanisa litakuwa wazi kwa watu wote, waamini na wasioamini. Wakaja vijana waliokataa jeshi, waliotaka kuhama nchi na waliochukia uchafuzi wa mito na hewa. Mara nyingine walikaa watu wasiozidi kumi na wachache. Waliendelea kuomba.

Oktoba 9, 1989 chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake kwenda kujaza viti vya kanisa hilo mapema, ili wengine wakose nafasi. Wakaketi, wakasikiliza Neno na maombi kama mtu mwingine yeyote. Nje mji ulikuwa umejaa polisi na askari, na hospitali zilikuwa zimejiandaa kupokea majeruhi. Watu walipotoka kanisani wakiwa na mishumaa waliungana na wengine waliotoka makanisa mengine ya mji, wakawa takriban 70,000. Walitembea kuzunguka mji bila jiwe kurushwa, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 9, ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Wakristo wengi walitazamia kwamba sasa watu watarudi. Hawakurudi. Walikuwa wanalishukuru Kanisa, wanaliheshimu, wanamchagua mchungaji kuwa mbunge, na mwaka 2012 mchungaji wa zamani kutoka Rostock, Joachim Gauck, alifanywa rais wa Ujerumani yote. Lakini hawakubatiza watoto wao. Mfumo wa kodi ya kanisa wa Magharibi ulipoingizwa, wengi ambao majina yao yalikuwa yamelala daftarini walikwenda kujiandikisha kutoka. Sherehe ya Jugendweihe nayo haikufa pamoja na dola iliyoilazimisha. Kiapo cha usoshalisti kiliondolewa, na hadi leo kila mwaka maelfu ya vijana wa upande wa mashariki wanaifanya kwa hiari, kwa sababu mama zao waliifanya na bibi zao waliifanya. Imekuwa desturi yao, kama kipaimara kilivyokuwa desturi ya mababu.

Magharibi, bila mateso

Tusije tukadhani hayo ni ya mashariki peke yake. Ujerumani Magharibi haikufukuza mtoto shule kwa ajili ya imani. Serikali ilikusanya kodi ya kanisa kwa niaba ya makanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato ya mshirika. Kanisa lilipata fedha za hospitali, shule za chekechea, wanamuziki na ofisi. Jambo moja halikuonekana mapema: mshirika aliweza kulipa miaka yote bila mtu kumjua jina. Akitaka kuacha, haendi kwa mchungaji wala kwa wazee wa kanisa. Anakwenda ofisi ya serikali, anatia saini, na mambo yamekwisha.

Mwaka 1990 makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yote yalikuwa na washirika takriban milioni 29. Mwishoni mwa 2023 walibaki takriban milioni 18.6. Mwaka 2022 pekee zaidi ya Wakatoliki 520,000 na Waprotestanti kama 380,000 walijitoa, na mwaka huo Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja walikuwa wamekwisha kushuka chini ya nusu ya wananchi. Wengine walichukizwa na taarifa za watoto kudhulumiwa na watumishi wa makanisa, zilizotolewa na Wakatoliki mwaka 2018 na na Waprotestanti mwaka 2024. Hasira yao ilikuwa ya haki, na Kanisa linaloficha dhambi ya namna hiyo linawafukuza watu kwa mikono yake lenyewe. Wengine hawakuwa na hasira yoyote. Waliitazama hati ya mshahara, wakaona makato, wakajiuliza wanalipia nini, nao hawakupata jibu.

Yanayowapata waliobaki

Kwa Wakristo waliobaki, hasa mashariki, upungufu una sura ya kila siku. Mchungaji mmoja anahudumia vijiji vingi, kila kimoja na kanisa lake la mawe la miaka mia kadhaa, na ibada inazunguka kwa zamu. Mtoto wa Kikristo anaweza kuwa peke yake darasani. Mazishi mengi yanaongozwa na msemaji wa kukodiwa, na hakuna anayetaja ufufuo. Bibi anayetaka kumfundisha mjukuu kusali inabidi kwanza aombe ruhusa kwa mwanawe.

Yapo pia mambo ya kutia moyo. Katika vijiji vingi watu wasio na dini wameunda vikundi vya kuchangia paa na mnara wa kanisa la kijiji, maana hawataki lianguke. Wachungaji wengine wameona katika vikundi hivyo nafasi ya mazungumzo ambayo mababu zao hawakuwa nayo. Watu wazima wanabatizwa, ni wachache lakini wanajua wanachokifanya. Na katika Leipzig, mahali palipolipuliwa mwaka 1968, limesimama jengo jipya la chuo kikuu lenye umbo linalokumbusha kanisa lile, lililofunguliwa mwaka 2017, ambamo ibada zinafanyika tena. Kituo cha misheni cha Leipzig bado kinafanya kazi pamoja na KKKT, na siku hizi watumishi wanasafiri kutoka pande zote mbili.

Kipaimara chetu

Tangu mwaka 1967 sensa za Tanzania haziulizi dini ya mtu. Kwa hiyo sisi hatuna hesabu kama ile ya Ujerumani ya mwaka 1950 ya kututisha au kutufariji. Tunahesabu kwa macho: mabenchi yamejaa, kwaya zinaimba, sadaka inahesabiwa, jengo jipya linapanda. Viongozi wa Saksonia wa mwaka 1900 nao walihesabu kwa macho, na walichokiona kilikuwa kweli. Hawakuweza kuona kwa macho kitu gani kilikuwa kimewaleta watu.

Tutazame siku ya kipaimara katika sharika zetu. Kamati ya sherehe inaundwa miezi kabla. Kadi za michango zinasambazwa kwa ndugu na marafiki. Suti inashonwa, gauni linatafutwa, ukumbi unalipiwa, keki, mpiga picha, mshereheshaji. Hakuna dhambi katika kumfurahia mtoto, na wazee wetu walichinja siku kama hiyo. Swali ni lile lililojibiwa mwaka 1959 bila mtu kuliuliza: ikiwa kesho atatokea mtu mwingine, awe chama, kampuni au ukumbi wa burudani, akatupa sherehe ileile kwa bei nafuu bila miaka miwili ya mafundisho, nyumba zetu zitaona kitu gani kimepungua?

Jibu halitoki kwa mchungaji peke yake. Paulo anapomwandikia Timotheo katika barua ya pili anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hakumtaja mwalimu wa darasa. Mwalimu wa kipaimara anaye mtoto kwa saa chache za Jumamosi, na akimkuta hajawahi kusikia sala mezani kwao, anajenga nyumba bila msingi. Wadhamini wa ubatizo wengi wetu tunaitwa siku moja, tunasimama mbele ya madhabahu, tunaahidi, kisha tunasubiri kadi ya mchango ya kipaimara. Na wale wawili wawili wa Gutmann, waliofunganishwa ili kijana asibaki peke yake, wangefaa zaidi leo kuliko wakati ule, kwa sababu leo kijana wa Machame akimaliza shule anakwenda Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, na huko hakuna anayejua kama alikwenda ibadani au hakwenda.

Kila usharika una daftari la kipaimara. Tunaweza kuanza na jambo dogo. Wazee wa kanisa wakae siku moja na daftari la miaka mitano iliyopita, wasome jina moja baada ya jingine, na kwa kila jina wajibu maswali mawili: yuko wapi sasa, na ni nani kati yetu aliyezungumza naye mwaka huu? Majina yasiyo na jibu wayagawane. Mmoja apige simu, mwingine aende kumwona mama yake, mwingine atafute usharika ulio karibu na anakoishi na kumwandikia mchungaji wa huko. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na inaweza kuanza Jumapili ijayo baada ya ibada.